Nusu shilingi kwa pakiti: malipo ya haki ya mchoraji yanavyopangwa na kudaiwa

Dagaa wa Ziwa Victoria wamezoea kuondoka soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ndani ya magunia. Siku hizi baadhi yao huondoka kwenye pakiti za robo na nusu kilo, zenye jina la biashara, tarehe ya mwisho ya matumizi na picha: mtumbwi, taa, ziwa, pengine mama ameshika ungo. Picha hiyo ina mwenyewe. Kuna mtu alikaa siku kadhaa akiichora, akaituma kwa simu, akapokea hela, kazi ikaisha. Baada ya hapo ndipo picha inaanza kazi yake. Inauza pakiti mwezi huu na mwezi ujao, inabandikwa ubavuni mwa gari la mizigo, inapandishwa kwenye bango la barabara ya Nyerere, inatokea kwenye fulana za Nane Nane. Aliyeichora anaiona akiwa dirishani mwa daladala.

Je, alilipwa haki yake? Ukiuliza hivyo kijiweni, kila mtu atataka kwanza kujua alilipwa shilingi ngapi. Lakini kiasi peke yake hakitoi jibu. Shilingi 150,000 inaweza kuwa malipo ya haki, na shilingi 500,000 ikawa dhuluma, kwa mchoro uleule. Nimechora kwa kulipwa hapa Mwanza muda mrefu, na ninaamini ugomvi mwingi kati ya mchoraji na mteja hautokani na ubahili. Unatokana na swali ambalo hakuna aliyeliuliza siku ya kwanza: picha hii itatumika wapi, kwa muda gani, na kwa nakala ngapi?

Vitu viwili ndani ya bei moja

Mchoraji anapochukua oda anauza vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni kazi: siku zake, ujuzi wake, vifaa vyake. Cha pili ni ruhusa ya kutumia alichokichora. Mteja kwa kawaida anakiona cha kwanza tu, na wachoraji wengi nao wamezoea kukiona hichohicho. Ndiyo maana mazungumzo ya bei huanzia kwenye "utamaliza lini?" na kuishia kwenye "mbona ni siku mbili tu?"

Ruhusa hii si jambo la kubuni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mchoraji kuwa mwenye kazi yake ya sanaa. Haki inaanza pale mchoro unapokamilika kuwa mchoro; haisubiri cheti. Tanzania imo pia katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba kinga ya msanii haitegemei kujisajili popote. Kusajili kazi kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kunasaidia sana siku ya ushahidi, lakini asiyesajili hajapoteza kitu chake. Hakimiliki hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ndani yake kuna haki za kiuchumi, yaani kunakili, kusambaza na kuuza, na kuna haki za kimaadili: kutajwa kuwa wewe ndiye uliyechora, na kupinga mchoro wako usiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima.

Kwa hiyo mtu aliyelipia mchoro hajanunua hakimiliki kwa sababu tu amelipa. Amepata kile mlichokubaliana. Kama hamkukubaliana chochote zaidi ya bei, kila mmoja ataondoka na imani yake: mteja akiamini picha ni yake milele, mchoraji akiamini ilikuwa ya pakiti tu. Wote wawili wanasema kweli kwa wanavyoelewa. (Aliyeajiriwa kwa mshahara yuko kwenye hali nyingine, yeye asome mkataba wake wa ajira, kwa kuwa huko ndiko suala la nani mwenye michoro iliyofanywa kazini linapopangwa.)

Wavuvi wetu wanalielewa jambo hili kuliko sisi. Mwenye mtumbwi na injini haulizwi alitumia siku ngapi kuupata. Kila safari, yakishatolewa mafuta na chakula, mtumbwi una mgawo wake. Ukienda ziwani mara mia, mgawo ni mara mia.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni alama ya kampuni ya viatu ya Nike. Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu aitwaye Carolyn Davidson aliichora na kulipwa dola 35. Alikuwa analipwa dola 2 kwa saa. Kwa hesabu ya saa hakudhulumiwa hata senti moja. Saa zake zililipwa zote. Kilichosahaulika kwenye ankara ile ni matumizi. Mwaka 1983 kampuni yenyewe ilimrudia ikampa pete na hisa zake, na hilo ni jambo jema, lakini lilikuwa hisani. Mchoraji hawezi kupanga kodi ya nyumba kwa kutegemea hisani itakayokuja miaka kumi na miwili baadaye.

Hesabu ya kazi yenyewe

Tuanze na cha kwanza, maana mchoraji asiyejua gharama ya siku yake hawezi kudai chochote.

Tuchukue mchoraji wa kujitegemea anayeishi Mabatini. Chumba cha kuishi na kijichumba cha kazi, shilingi 200,000 kwa mwezi. Chakula na nauli, 350,000. Umeme na bando, 80,000. Anachotuma nyumbani, 100,000. Bima na akiba, 135,000. Tableti ya kuchorea aliinunua shilingi 1,260,000 na anatarajia imfikishe miaka mitatu. Ukigawanya kwa miezi 36 ni 35,000 kila mwezi. Jumla shilingi 900,000. Namba zako zitakuwa nyingine, ila usiiruke tableti. Wengi huiona kama kitu walichokwisha kununua, na ikifa wanaanza kukopa.

Sasa siku. Akifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi ana siku kama 24 kwa mwezi baada ya kutoa misiba, harusi na homa. Lakini hachori siku zote 24. Nusu yake inaliwa na kutafuta wateja, kwenda Nyegezi kwenye kikao na kurudi, kuandika ankara, kufuatilia malipo ambayo yalikuwa yawe tayari "kesho kutwa". Siku zinazolipiwa ni 12. Gawanya 900,000 kwa 12 upate shilingi 75,000. Hiyo ndiyo gharama ya siku yake moja mezani, na bado hajapata faida. Anayechaji 20,000 kwa siku anachangia biashara ya mteja kutoka kwenye chakula cha watoto wake.

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi utafiti unavyosahaulika kwenye hesabu hii. Watu wanafikiri kuchora ni mkono.

Chukua bango kitita, yaani kurasa kubwa za picha zinazofunuliwa mojamoja mbele ya watu, la kuelimisha kuhusu kichocho, kazi ambayo kanda hii ya ziwa itaendelea kuihitaji. Kando ya ziwa lenyewe, kichocho kinachowasumbua watu zaidi ni cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Kichocho cha mkojo kinapatikana zaidi mbali na ziwa, kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Mchoraji asiyejua hilo atachora kile anachokikumbuka toka shuleni, mtoto anakojolea maji, na bango litasambazwa Ukerewe na Sengerema likiwaambia wavuvi habari ya upande mwingine wa tatizo. Ili asikosee inabidi asome, aongee na mganga wa zahanati, aangalie konokono wa majini anafananaje na anakaa wapi, achore nyasi za ukingoni kama zilivyo, aende kwa wanawake wanaofua awaonyeshe mchoro wa awali na kusikiliza wanaona nini. Siku tatu zinapita kabla ya mstari wa mwisho kuchorwa. Siku hizo tatu ndizo zinazolifanya bango lifae, na ndizo za kwanza kukatwa mteja anapoomba punguzo.

Au rudi kwenye pakiti ya dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwanga wa taa ndio unaowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Pakiti yenye mtumbwi wa dagaa chini ya mwezi mkubwa wa duara itapendeza machoni mwa mtu wa mbali, na kila mtu wa Kirumba, Kayenze na Igombe ataona kosa kwa mara moja. Tena picha ikionyesha dagaa wanaanikwa kwenye vichanja badala ya mchangani, mnunuzi anaelewa bila kuandikiwa kwamba hatatafuna mchanga. Ujuzi huo una bei.

Hapa ndipo pia ninapowajibu wanaosema programu za akili mnemba zinachora bure. Zinatoa picha upesi, na kuna kazi ndogondogo ambazo tayari zimekwenda huko, tusidanganyane. Lakini programu hiyo itakuwekea mwezi mpevu na haitakuwa na wa kuulizwa pakiti zikishachapwa. Mteja anayelipa mchoraji analipia pia mtu wa kusimama na kusema, hiki ni sahihi, nimehakikisha.

Hesabu ya matumizi

Tuseme picha ya pakiti inachukua siku nne. Kazi peke yake ni shilingi 300,000. Wateja wawili wanaitaka picha ya namna hiyohiyo.

Wa kwanza ni kiwanda. Kinachapa pakiti 50,000 kwa mwezi, kinataka kutumia picha miaka mitatu, Tanzania na Kenya. Mchoraji anaweka ada ya matumizi sawa na gharama ya kazi kwa kila mwaka: 300,000 mara tatu, yaani 900,000. Jumla anadai shilingi 1,200,000. Meneja anashtuka. Mtu wa stesheneri angemfanyia kwa laki moja! Basi mchoraji asibishane; achukue kalamu. Pakiti 50,000 mara miezi 12 mara miaka mitatu ni pakiti 1,800,000. Gawanya 900,000 kwa hizo. Ni nusu shilingi kwa pakiti. Ndiyo ada ya picha inayomfanya mteja dukani anyooshe mkono kwenye pakiti hii na kuiacha ile.

Wa pili ni mama wa Igoma anayefunga pakiti 1,000 kwa mwezi na wanawe. Kwa nusu shilingi ileile, matumizi ya mwaka mzima ni shilingi 6,000. Mimi ningeiacha hiyo 6,000 na kumwambia hivyo waziwazi. Kazi yenyewe ningeipunguza iwe ya siku mbili, mchoro mwepesi zaidi, shilingi 150,000, alipe kwa awamu. Na ningeandika kwamba bei hii ni ya pakiti zisizozidi 2,000 kwa mwezi; biashara ikikua, tutakaa tena.

Watu hudhani kudai ada ya matumizi ni kumkamua mteja. Hesabu inaonyesha kinyume. Bei moja kwa wote ndiyo inayomwonea mama wa Igoma na kumpendelea mwenye kiwanda. Ukipanga bei kwa matumizi, anayetumia kidogo analipa kidogo, na mchoraji anaweza kumhudumia bila kinyongo kwa sababu anayetumia sana ameziba pengo.

Ada sawa na gharama ya kazi kwa mwaka ni njia yangu ya kuanzia tu, hakuna sheria iliyoipanga. Katika nchi ambazo wachoraji wamejipanga siku nyingi, kama Marekani ulipo muungano wa Graphic Artists Guild tangu 1967, na Uingereza ilipo Association of Illustrators tangu 1973, mambo yanayopimwa ni yaleyale: chombo (pakiti, bango, kitabu, televisheni, mtandao), eneo, muda, na kama mteja anataka awe peke yake mwenye kuitumia. Kila kimoja kikiongezeka, bei inapanda. Na mteja anayetaka haki zote, popote, milele, anaruhusiwa kuzitaka. Ila hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote, na iandikwe na kutiwa sahihi. Msikubaliane kuhamisha haki zote kwa mdomo.

Vitabu vya watoto vinahitaji neno la peke yake. Katika kitabu cha picha mchoraji ameandika nusu ya hadithi. Kwa wachapishaji wa Ulaya na Marekani ni kawaida mrabaha (sehemu ya mapato ya kila nakala inayouzwa) wa kitabu cha namna hiyo kugawanywa kati ya mwandishi na mchoraji, pamoja na kianzio kinacholipwa mwanzoni. Kwetu mchoraji mara nyingi hupewa donge moja kwa kila ukurasa na jina lake likawekwa ndani kwa herufi za sisimizi, kama likiwekwa. Ukichorea kitabu, omba mrabaha hata kama ni mdogo. Ukinyimwa, omba malipo mapya kila kitabu kinapochapwa upya. Ukinyimwa na hilo, jina lako likae juu ya jalada. Hilo la mwisho halimgharimu mchapishaji chochote, na ni haki yako kisheria kutajwa.

Maneno ya mezani

Kudai malipo ya haki ni kazi ya mdomo pia, na wengi tumelelewa kuona haya kutaja hela mbele ya mtu mzima. Mteja akiwa mzee wa heshima anayekuita "mwanangu", ulimi unakuwa mzito. Nashauri usianze na bei. Anza na maswali. "Shikamoo mzee. Kabla sijakutajia gharama, naomba nielewe: picha itakaa kwenye pakiti tu, au na mabango? Mnachapa ngapi kwa mwezi? Mnataka kuitumia mpaka lini?" Mzee atajibu, na akijibu mwenyewe ataanza kuona ukubwa wa anachokiomba. Bei ikija baadaye inakuja na sababu zake.

Akisema bei ni kubwa, usipunguze bei bila kupunguza kitu. Toa bango, toa Kenya, fanya mwaka mmoja badala ya mitatu, badilisha picha ya rangi kamili iwe ya rangi mbili. Ukishuka kutoka 1,200,000 hadi 600,000 kwa kazi ileile, umemthibitishia kwamba mwanzo ulikuwa unamlangua.

Kuhusu "tutakutangaza, utajulikana": mwenye duka la karatasi hapokei kujulikana, mchapaji hapokei, dereva hapokei. Sioni kwa nini mchoraji apokee. Nayo mashindano ya nembo, ambapo watu hamsini wanachora na mmoja analipwa, ni kazi ya watu arobaini na tisa iliyochukuliwa bure. Ningependa wachoraji wa jiji hili wayaache yapite.

Kuna kazi za kujitolea, na ni nzuri: shule ya mtaani, msikiti, kanisa, mgonjwa anayechangiwa Bugando. Zifanye kwa moyo. Ila andika ankara yenye bei kamili, kisha punguzo la asilimia 100. Mpokeaji ajue amepewa kitu cha thamani gani, na mwakani akipata mfadhili ajue pa kuanzia.

Mkiafikiana, andika. Si lazima mwanasheria. Chini ya Sheria ya Mikataba hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Tatizo la mdomo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp unaotaja mchoro, matumizi, muda, eneo, bei, kianzio na idadi ya marekebisho, ukajibiwa "sawa, nimekubali", ni kitu cha kutunza. Mteja akikupigia simu au kukutumia sauti, mwandikie muhtasari wa mlichosema na umwombe athibitishe.

Kianzio kiwe nusu, na kazi isianze kabla hakijaingia. Marekebisho mawili ndani ya bei. La tatu lina gharama. Mteja akiahirisha au kufuta kazi katikati, kianzio hakirudi. Mafaili makubwa ya kuchapia yatoke baada ya salio; kabla ya hapo atume maoni kwa kutazama picha ndogo yenye alama yako katikati. Hakuna udhalili kwa upande wowote katika haya. Fundi makochi wa Makoroboi anafanya hivyohivyo na hakuna anayemnunia.

Ukifanya kazi na kampuni au shirika, tegemea kukatwa kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Kwenye ankara ya 300,000 utapokea 285,000. Hiyo 15,000 haijapotea: dai hati ya kodi ya zuio, maana inahesabiwa kuwa umeshalipa sehemu ya kodi yako ya mwaka. Wengi hawaidai hati hiyo, wakalipa mara mbili. Uwe na namba ya mlipakodi kabla ya kuomba kazi za mashirika. Bila hiyo hawakuandikii hata hundi.

Na asipolipa? Mchoraji wa kujitegemea si mwajiriwa, kwa hiyo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iliyowekwa kwa ajili ya migogoro ya kazi si mlango wake wa kawaida. Wake ni madai ya mkataba. Anza na barua ya kumbusho yenye tarehe, kisha barua ya mwisho ya madai, kisha mahakama. Deni dogo la mkataba unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo mwenyewe. Una miaka sita tangu siku mkataba ulipovunjwa, lakini usisubiri, mashahidi wanahama na simu zinaibwa.

Kudai kwa pamoja

Yote niliyoandika hadi hapa anaweza kuyafanya mtu mmoja. Na mtu mmoja atachoka, kwa sababu nyuma yake kuna kijana aliyemaliza chuo juzi ambaye atachukua kazi hiyohiyo kwa elfu kumi, naye simlaumu. Hakuna aliyemwambia kazi hiyo inalipwaje.

Kanda hii ina historia ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa kudai bei. Walianza kwa kuweka wapimaji wao pembeni ya mizani ile, na kutoka hapo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakajenga vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa Mwanza. Kwanza walitaka kujua kilo ni ngapi. Wachoraji nao, Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliendelea kukusanyika hadi wakawa na ushirika wao jijini Dar es Salaam.

Mizani ya kwetu ni taarifa. Mchoraji wa Nyamagana akijua mwenzake wa Ilemela alilipwa kiasi gani kwa jalada la kitabu mwaka jana, na kwa matumizi gani, hadanganyiki kirahisi. Tuzungumze kuhusu malipo tuliyokwisha kupokea, tugawane nakala ya mkataba wa kuanzia, tuwafundishe wanaotoka vyuoni hesabu ya siku na hesabu ya matumizi. Tuwe waangalifu kwenye jambo moja: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kibiashara kukubaliana bei, na wachoraji wa kujitegemea kisheria ni wafanyabiashara wanaoshindana. Kukaa kikao na kuamua "kuanzia leo hakuna anayechora pakiti chini ya laki tano" kunaweza kutuingiza matatani. Kufundishana namna ya kukokotoa gharama, kila mtu akabaki na bei yake, ni jambo jingine.

Halafu kuna mlango ambao karibu sisi sote tunachelewa kuugonga. Mashirika na halmashauri hazikatai kumlipa mchoraji siku anapoitwa. Siku hiyo bajeti ilishapita. Mtu aliyeandika andiko la mradi aliweka mstari wa uchapishaji, mstari wa mafuta ya gari, mstari wa posho za mafunzo, na mchoro akaufikiria kuwa ndani ya uchapishaji. Ofisa anayekupigia simu ana laki mbili mkononi na hana mamlaka ya kuongeza hata ishirini. Kumkasirikia ni kumwonea.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Mashirika nayo yana misimu yao ya kuandika maandiko kwa wafadhili. Wakati huo ndio wa kupeleka karatasi ya ukurasa mmoja kwa ofisa mipango, ofisa afya na ofisa elimu: mchoro wa bango kitita la kurasa 12 huchukua siku ngapi pamoja na utafiti na kuujaribu kijijini, matumizi ya mkoa mmoja na ya nchi nzima yanatofautianaje kwa gharama, kodi ya zuio inakatwaje, na nani wa kupigiwa simu. Ofisa anayeandika bajeti saa nne usiku akiwa na karatasi hiyo mezani ataweka mstari wenye neno "michoro" na tarakimu mbele yake.